Kabla ya mfuko wa mbolea, tuulize joto la udongo

Nilipokuwa mdogo tulitumwa kisimani saa nane mchana, mwezi wa kumi, tukiwa pekupeku. Njia ilikatiza kwenye shamba lililokwisha kuchomwa moto, jeusi tii, likisubiri mvua. Tulilivuka kwa mbio, kutoka kivuli cha mbuyu hadi kivuli cha mkwaju, na pale kivuli kilipokosekana tulikimbilia ukingoni, kwenye nyasi kavu ambazo moto ulikuwa umeziruka. Nyayo zilijua tofauti ile vizuri sana. Juu ya nyasi palivumilika. Juu ya udongo mtupu hapakukanyagika.

Mzizi wa mahindi hauna pa kukimbilia. Unabaki palepale mbegu ilipofukiwa, sentimita tano chini ya ardhi ileile iliyotuunguza nyayo, na hapo ndipo tunapoutaka ukue, unywe, ule mbolea na utulipe gunia. Sisi wenyewe tulipita pale dakika mbili tu tukilia. Mzizi unakaa pale mchana kutwa.

Mjadala wetu wa kilimo kwa miaka hii michache umekuwa mjadala wa mifuko. Agosti 2022 Tanzania ilizindua ruzuku ya mbolea. Mwaka huohuo Kenya iliushusha mfuko wa kilo 50 wa ruzuku hadi shilingi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500. Naunga mkono ruzuku hizo. Nimewaona wakulima waliolima bila chochote mkononi wakipata angalau mfuko mmoja wa kupandia, na mwenye shamba lililochoka hawezi kuambiwa asubiri. Lakini mfuko unamwagwa ardhini, na ardhini kuna mambo mawili yanayoamua kama mmea utakifikia kilichomo: joto la udongo, na kuvu wanaoishi kwenye mizizi. Haya hatuyasemi redioni, hatuyaandiki kwenye vipeperushi, wala afisa ugani hayapimi. Mimi naamini hapo ndipo fedha nyingi za ruzuku zinapopotelea.

Nianze na kuvu, kwa sababu jina lao limeharibika. Mkulima wa Afrika Mashariki akisikia kuvu au fangasi anafikiria ugonjwa, na ana haki. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaathiri watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 maafa ya aina hiyo yalizikumba Dodoma na Manyara. Migomba inanyauka kwa kuvu, maharage yanaoza mizizi kwa kuvu. Kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba kuna kuvu shambani mwake ambao bila wao muhogo wake usingeota, anakutazama kama unamtania.

Ndivyo ilivyo, hata hivyo. Mimea mingi ya nchi kavu, karibu minane au tisa kati ya kila kumi, inaishi na kuvu mizizini kwa makubaliano. Ushirika huo wanasayansi wanauita mikoriza, yaani kuvu-mzizi, jina alilolitoa Albert Bernhard Frank huko Ujerumani mwaka 1885. Alikuwa ametumwa kuchunguza namna ya kulima uyoga wa bei ghali unaoota chini ya ardhi, akakuta mizizi ya miti imefunikwa kuvu lakini miti yenyewe ina afya tele. Mabaki ya mimea yaliyogeuka mawe huko Rhynie, Scotland, yenye umri wa miaka zaidi ya milioni 400, yanaonyesha kuvu wa namna hii tayari wamo ndani ya mimea ya mwanzo kabisa, iliyokuwa bado haina mizizi kamili.

Kwa nini mmea uhitaji mtu wa tatu kati yake na udongo? Sababu kubwa ni fosforasi, kirutubisho kilekile tunachokilipia tunaponunua mbolea ya DAP. Fosforasi ni mvivu wa kutembea. Naitreti inayotokana na yurea inasafiri na maji, inaufuata mzizi, wakati mwingine inaupita na kuzama. Fosforasi inakamatwa na chuma na alumini, hasa kwenye udongo wetu mwekundu, na inaweza kumaliza wiki nzima bila kusogea hata milimita moja. Mzizi ukishakula iliyo jirani yake, unazungukwa na ukanda mtupu wa milimita moja au mbili. Ng'ambo ya ukanda huo chakula kipo, lakini hakiji.

Hapo ndipo kuvu anapoingia. Anatoa nyuzi nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi wenyewe, unene wake ni sehemu chache tu kati ya elfu za milimita moja, na nyuzi hizo zinauvuka ule ukanda mtupu na kwenda sentimita kadhaa mbele. Zinapenya kwenye vijitundu ambavyo mzizi hauwezi kuingia. Zinachukua fosforasi, pia zinki na maji kidogo, zinarudisha ndani ya mzizi. Malipo yake ni sukari na mafuta yaliyotengenezwa na jani. Makadirio ya kawaida ni kwamba mmea unatoa kati ya asilimia 4 na 20 ya sukari yake kuwalisha kuvu hawa. Hakuna mmea unaotoa kiasi hicho kama zawadi.

Tazama muhogo. Tunausifu kwamba unaota popote, hata kwenye kichanga cha pwani kisicho na kitu. Ukiung'oa ukiwa mchanga utaona mizizi yake ya kutafutia chakula ni minene na michache, na vinyweleo vyake ni haba. Kwa sura ile, muhogo ungepaswa kuwa wa kwanza kufa kwenye udongo maskini. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT, Kolombia, waliwahi kuupanda kwenye udongo ambao kuvu wake wote walikuwa wameuawa, na muhogo ule mgumu ukadumaa vibaya. Ulipopewa kuvu wake ukainuka. Kwa hiyo sifa tunayoipa mihogo ya bibi zetu, nusu yake ni ya wakazi wasioonekana. Karanga nazo zina mizizi isiyo na vinyweleo vya kawaida na zinawategemea sana kuvu hawa. Mchicha, kabichi na sukuma wiki, kwa upande mwingine, ni wa familia ambazo kwa kawaida hazifanyi ushirika huo kabisa. Ndiyo maana bustani iliyolimwa kabichi msimu hadi msimu inakuwa imewanyima kuvu makazi, na mahindi yatakayofuata yatawakuta wachache.

Sasa joto. Mizizi ya mahindi inakua vizuri zaidi udongo ukiwa kati ya nyuzijoto 25 na 30. Ukipita 35 inaanza kusuasua, na ukikaribia 40 inaweza kusimama. Je, udongo wetu unafika huko? Katika miaka ya 1970 Rattan Lal, aliyekuja kupata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2020, alikuwa akipima jambo hili katika taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, Ibadan, Nigeria. Udongo mtupu kwenye kina cha sentimita 5 ulipita nyuzi 40 mchana. Uliotandazwa mabua ulikuwa baridi kwa nyuzi kadhaa, ukashika unyevu, na mahindi yake yakazaa zaidi. Ibadan kuna miti na mvua kuliko Manyoni. Asiyeamini aende uwanda wa Dodoma mwezi wa kumi, achimbe kwa kidole, aache kidole kiseme.

Kinachoniumiza zaidi ni jinsi joto na kuvu wanavyokutana kwenye mfuko mmoja. Mzizi unapumua kama sisi, na kwa kupumua unachoma sukari. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua inakaribia kuwa maradufu. Kwa hiyo mzizi ulioko kwenye udongo wa moto unatumia sukari nyingi kwa kuishi tu, kabla haujakua hata milimita. Sukari hiyohiyo ndiyo mshahara wa kuvu. Wakati huohuo jani linafunga matundu yake kwa kiu na sukari mpya haitengenezwi ya kutosha. Kuvu naye, ambaye wengi wa aina yake wanastawi kwenye nyuzijoto 20 na kitu hadi 30, anadhoofika kwa joto lilelile. Mmea unaingia kwenye kipindi unachomhitaji zaidi mwenzake ukiwa hauna cha kumlipa, na mwenzake hana nguvu ya kwenda kazini. Hapo ndipo tunamwaga DAP ya ruzuku, nayo inakamatwa na udongo mwekundu palepale ilipodondoka.

Tunaufikishaje udongo hapo? Kwa kiberiti, kwanza. Lakini hapa napenda kuwa mkweli, kwa sababu watu wa mazingira mara nyingi wanamweleza mkulima vibaya. Wanamwambia moto unapika udongo. Mkulima anachimba kesho yake, anakuta minyoo hai chini ya vidole vinne, anaona amedanganywa. Moto wa nyasi unapita haraka, na joto lake halizami. Sentimita chache chini mambo ni karibu kama jana. Palipo na rundo la magogo lililoungua usiku kucha ndipo udongo unapikwa kweli. Hasara kubwa ya moto inakuja baadaye, na inaletwa na jua. Nyasi zimeondoka, ardhi imebaki uchi, tena nyeusi, na rangi nyeusi inanywa jua kuliko rangi yoyote. Kutoka Agosti hadi mvua ya kwanza ni miezi mitatu ya kuiva taratibu, kila siku mchana, bila mmea hai wa kuwalisha kuvu walioko chini. Wanabaki mbegu zao na vipande vya mizizi ya zamani, navyo vinapungua kadiri siku zinavyopita.

Kwamba ardhi tupu inawamaliza kuvu, wakulima wa Queensland, Australia, walilijua kwa gharama. Waliacha mashamba bila mmea wowote kwa muda mrefu ili kutunza maji, wakiyasafisha vizuri. Msimu uliofuata mazao yalidumaa ingawa maji yalikuwepo. J. P. Thompson alieleza sababu mwaka 1987: kuvu walikuwa wamepungua mno, na alizeti zilikuwa na njaa ya fosforasi kwenye ardhi yenye fosforasi. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi, na kila mara namkumbuka jirani yetu ambaye shamba lake lilikuwa safi kuliko yote, halina hata ubua, na mahindi yake yalikuwa yakitoka mekundu na mafupi.

Kongwa ina kumbukumbu yake pia. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matingatinga kulima karanga, wakang'oa pori, wakaifunua ardhi yote kwa mkupuo. Jua likaukausha ule mfinyanzi mpaka ukawa kama saruji, karanga zikashindwa hata kuchimbuliwa, na mwanzoni mwa 1951 mpango ukatupwa. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, mvua haba ikiwa mojawapo, lakini walichofanya kwanza kabisa kilikuwa kuivua ardhi nguo zake.

Na kiduha je, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama? Mkulima wa Kanda ya Ziwa, Tabora au magharibi mwa Kenya haambiwi kiduha ni nini. Ua lake zuri la zambarau ni msiba. Gugu moja linatoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja. Zinangoja nini? Zinangoja mahindi yaite. Mahindi yakiwa na njaa ya fosforasi yanatoa mizizini kemikali iitwayo strigolaktoni. Kwa miaka mingi tuliijua kama kitu kinachoamsha kiduha, na ilikuwa ajabu: kwa nini mmea umwite mwizi wake? Mwaka 2005 watafiti wa Japani wakiongozwa na Kohki Akiyama walionyesha kwamba wito ule ni wa kuvu. Mahindi yanamwita mshirika wake aje na fosforasi, na kuvu akiusikia anatoa matawi kuelekea kwenye mzizi. Kiduha amejifunza kusikiliza wito wa watu wengine.

Tuunganishe hilo na joto. Mbegu za kiduha zinapenda udongo wa nyuzi 30 hadi 35 ili kuota. Kwa hiyo kwenye shamba lililochomwa na kuachwa wazi, mahindi yana njaa, yanaita kwa sauti kubwa. Kuvu waliokusudiwa wamepungua. Na anayesikiliza akiwa katika joto analolipenda ni mwizi. Kuvu wakishaingia mzizini, wito unapungua, na majaribio ya mtama na mahindi yameonyesha kiduha kikichipua kidogo zaidi pale kuvu walipokuwepo. Tumewaambia wakulima wang'oe kiduha kwa mkono kwa vizazi viwili. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na wanawake ndio wanaoifanya.

Haya yote nimeyasema kwa ajili ya nyanda za joto. Ukipanda milimani, kwenda Makete, Njombe, au Kinangop upande wa Kenya, hadithi inageuka. Huko udongo wa asubuhi una baridi. Chini ya nyuzi 15 mzizi unatambaa polepole na kuvu karibu wanalala. Hawaingii mzizini kwa kasi inayotakiwa. Ndiyo maana mahindi machanga ya kule yanageuka zambarau kwenye majani, dalili ya kukosa fosforasi, hata pale ambapo udongo si maskini. Mkulima wa Makete akitandaza nyasi nene juu ya tuta anaweza kuuchelewesha udongo kupata joto la asubuhi. Yeye anahitaji fosforasi kidogo iwekwe karibu na mbegu, na anahitaji jua. Mkulima wa Kongwa anahitaji kivuli. Tunawapa kipeperushi kimoja.

Wazee wetu hawakuwa na kipeperushi kimoja. Wamatengo wa Mbinga, kwenye miteremko ile mikali, wanafyeka nyasi, wanazilaza kwa mistari inayokatizana miraba, kisha wanachimba katikati na kuzifukia kwa udongo, likabaki shimo katikati na matuta pembeni. Ndiyo ngolo. Nyasi zinaozea ndani, chini ya mizizi ya maharage, na hakuna kiberiti. Kilimanjaro kwenye kihamba, kahawa inakaa chini ya mgomba na mgomba chini ya mti mkubwa, na udongo wa pale hauoni jua la saa sita kutoka mwaka hadi mwaka.

Kuna watakaoniuliza kama suluhisho si kuwanunua kuvu hao dukani. Chupa na pakiti zipo sokoni. Nina wasiwasi nazo. Mradi wa COMPRO ulipima bidhaa nyingi za mbolea hai zilizouzwa Kenya, Nigeria na Ethiopia, na sehemu kubwa ya hizo hazikuleta ongezeko la maana. Mahali ambapo kupeleka kuvu kumefanya kazi ni pale ambapo hawakuwepo kabisa. Mipaina ilipoletwa Afrika, mbegu ziliota vizuri kwenye vitalu kisha miche ikasimama na kugeuka njano, mpaka ulipoletwa udongo kutoka chini ya mipaina iliyokomaa. Miti ile ilikuwa imefika bila kuvu wake. Hata leo Nyanda za Juu Kusini mtu wa kitalu anachanganya udongo wa msitu wa zamani wa mipaina kwenye viriba vyake, na ukimwuliza atakwambia bila huo miche haiendi. Lakini mahindi na maharage yana kuvu wake tayari katika karibu kila shamba letu. Ukimnunua mgeni na kumweka kwenye udongo wa nyuzi 42, umemnunulia kaburi.

Kazi iliyopo ni ya kuwatunza waliopo, na kikwazo chake kikubwa hakiko maabara. Mabua yana wenyewe wengi. Baada ya mavuno ng'ombe wanaingia, na kwa desturi ya sehemu nyingi shamba lililovunwa ni la wote. Mkulima anayetaka kuacha mabua ardhini atagombana na mfugaji, ambaye mara nyingi ni shemeji yake. Hili linahitaji mkutano wa kijiji, linahitaji makubaliano ya nusu ng'ombe nusu ardhi, na sheria ndogo za moto, ambazo zimeandikwa kwenye halmashauri nyingi, zisimamiwe kabla ya moshi wa Agosti. Pale mabua yasipobaki, kuna kifuniko hai: kunde, fiwi, maboga yanayotambaa katikati ya mahindi, mbaazi kama wafanyavyo Babati, ambazo zinabaki shambani na mizizi hai miezi kadhaa baada ya mahindi kuvunwa. Mizizi hiyo inawalisha kuvu wakati wa kiangazi, na majani yake yanaangusha kivuli. Kulima mara moja badala ya mara tatu nako kunasaidia, kwa kuwa kila jembe linapopita linakata nyuzi zilizokuwa zimesukwa.

Kikwazo kingine ni sifa. Tumefundishwa, na shule zimetufundisha kwa fimbo, kwamba shamba safi ni la mtu mwenye bidii na shamba lenye takataka ni la mvivu. Nimewasikia watu wakimsema mama mmoja mjane kwamba shamba lake ni pori kwa sababu aliacha mabua chini. Afisa ugani anapowapeleka wageni kwenye shamba la mfano anawapeleka kwenye lile lililofagiliwa. Maneno hayo yanachoma kuliko kiberiti, na ningependa wizara za kilimo zetu zianzie hapo: mashamba ya mfano yawe yaliyofunikwa, na kwenye mkoba wa afisa ugani, pamoja na kipimo cha udongo, kiwemo kipimajoto cha kuchomeka ardhini. Bei yake haizidi mfuko mmoja wa mbolea. Akichomeka saa nane mchana sentimita tano chini, kwenye shamba lililochomwa na kwenye lililofunikwa, mkulima atazisoma namba mwenyewe.

Msimu huu asiye na kipimajoto ana njia nyingine. Pima hatua tatu kwa tatu kwenye kona moja ya shamba, acha mabua na majani pale, usichome. Panda maharage siku moja na kwingine. Wiki ya tano chukua sepetu, usivute kwa mkono, chimba shina moja kutoka kila upande pamoja na bonge lake la udongo, litingishe taratibu. La upande uliochomwa, udongo utadondoka wote mara moja na mizizi itabaki mitupu kama waya. La upande mwingine, angalia punje ndogondogo za udongo zinavyoning'inia mizizini zikikataa kutoka. Zimefungwa na vinyweleo vya mzizi, na nyuzi ambazo jicho halizioni.